Mabati Kumi na Nane

Mstari wenyewe bado naukumbuka ulivyokaa kwenye daftari: "Mabati 18 x 21,000 = 378,000." Chini yake, "Mbao na misumari 92,000." Chini yake tena, "Fundi 50,000." Jumla 520,000, nikaipigia mistari miwili kwa rula. Nina mwandiko mzuri, hata pale jumuiyani wananisifu, na siku ile niliandika vizuri kuliko siku zote. Hapakuwa na mabati. Hapakuwa na mbao, misumari wala fundi. Kilichokuwepo ni majora mawili ya kitambaa cha sare za shule, yamesimama kwenye kona ya kibanda changu cha ushonaji, na simu iliyobaki na shilingi elfu nne na kidogo.

Hiyo ilikuwa Januari 2018, hapa Morogoro. Mimi ni fundi cherehani, Mkatoliki wa kuzaliwa, na mwaka ule nilikuwa mhazina wa jumuiya yetu kwa mwaka wa nne mfululizo.

Kwa msomaji asiyezijua jumuiya zetu: ni familia za mtaa mmoja zinazokutana kusali na kubebana. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1976 walikubaliana kwamba Kanisa huku lisimame juu ya jumuiya hizi ndogondogo; sisi wengine tulizaliwa tukazikuta. Sisi tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila wiki nyumba tofauti. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele na milele, amina." Linasomwa neno, watu wanatafakari, kisha linafunguliwa daftari. Nani anaumwa, nani kafiwa, nani hajatoa zaka. Anayedhani jumuiya ni sala tu hajawahi kuwa mhazina.

Kwenye Majilio, zile wiki za kuingojea Krismasi, tulikuwa tumekubaliana kumwezekea nyumba bibi mmoja mjane. Watoto mtaani wanamwita Bibi Kona kwa sababu nyumba yake ndiyo inayokata kona ya kwenda bombani, nami nitamwita hivyohivyo. Paa lake lilikuwa limeoza, unaona anga ukiwa umekaa sebuleni. Familia 26, kila moja shilingi 20,000. Ajabu, zote zilitoa. Hata wale ambao kadi zao za zaka zina vumbi walitoa, na kabla ya Krismasi laki tano na elfu ishirini ilikuwa kwenye simu yangu.

Nitasema ilivyotokea bila kujipendelea. Shule moja ilikuwa imeniahidi oda ya sare za wanafunzi wapya, na kwa fundi wa nguo Januari ndiyo mavuno. Sikuwa na mtaji wa kitambaa. Nikajiambia, nachukua hizi kwa wiki tatu, nashona, nalipwa, narudisha, Bibi anaezekewa Februari kabla masika haijashika. Sikulitumia neno "kuiba" hata mara moja. Nilisema "kuzizungusha". Tuna maneno mengi matamu kwa jambo hili: kuzungusha, kujikopesha, kuweka sawa. Nikanunua majora mawili kwa muuzaji wa mjini, nikashona sampuli mbili, nikazipeleka. Oda ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine. Kitambaa cha sare kina rangi yake ya shule, hakiuziki kwa mtu wa harusi. Ikawa basi.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti akauliza, "Mhazina, suala la Bibi limefikia wapi?" Ningeweza kusema pale pale. Watu 26 wangenikasirikia, tungepanga jinsi ya kulipa, yangeisha. Badala yake nilijisikia nikijibu, "Vifaa vimeshalipiwa, fundi yuko safari." Jioni nikakaa na daftari na rula.

Nikitafuta dhambi yangu ilikuwa wapi hasa, naikuta kwenye ile rula zaidi ya kwenye majora. Pesa niliichukua nikiwa na hofu na tamaa vimechanganyika; ile mistari miwili niliipiga kwa mkono uliotulia.

Masika ya mwaka ule haikuwa ya mchezo. Kabla hata ya masika yenyewe kulikuwa na mvua zinazoteremka kutoka Uluguru jioni, za nusu saa lakini za fujo. Siku moja ilinikamatia karibu na kona, nikakimbilia kibarazani kwa Bibi. Akaniita ndani. Chumbani alikuwa ametega ndoo mbili, beseni, sufuria na kopo la rangi, kila kimoja kinalia sauti yake. Juu ya godoro alikuwa ametandika nailoni, ile nyeusi ya kufunikia matofali, na ameikunja pembeni ili maji yateremkie kwenye beseni. Alikuwa ameupanga ule mfumo kwa akili kweli. Akaniambia anajua kila tundu linapoanza kuvuja na linapoacha, "hili la hapa huchelewa, hupenda kusubiri mpaka nimelala."

"Shikamoo Bibi. Pole sana."

"Marahaba, baba. Mungu akubariki kwa kunihangaikia. Najua ni huyo fundi ndiye anayechelewesha."

Nilisaidia kumwaga ndoo moja nje. Kisha nikaondoka mvua haijakatika, nikalowa makusudi. Nilidhani kulowa kutanipunguzia kitu fulani. Hakukunipunguzia kitu.

Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 14 Februari, siku ambayo mjini watu walikuwa wanauziana maua mekundu. Nilipakwa majivu pamoja na wenzangu. Kuanzia hapo nikaanza kuwa mtaalamu wa kutopokea komunyo bila kuonekana. Kuna namna nyingi: unatoka nje na simu kama umepigiwa, unambeba mtoto wa jirani anayelia, unasimama na kwaya. Kwa wiki mbili tatu inawezekana. Ila mke wako huwezi kumdanganya, kwa sababu anapiga hatua kwenye mstari na nyuma yake hakuna mtu.

Ndipo nikafanya kosa la pili, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu nadhani silo langu peke yangu. Nilikwenda kuungama parokiani kwetu, Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba, nikaungama pembeni. "Nimesema uongo mara kadhaa. Nimekasirika. Nimekosa Misa mara moja." Yote yalikuwa kweli. Ndiyo ujanja wenyewe: dhambi ndogo za kweli zilizopangwa mbele ya ile kubwa kama nguo zinavyoanikwa mbele ya dirisha. Padre hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi, akanipa Salamu Maria tatu, akaniondolea. Nikatoka nikiwa mzito kuliko nilivyoingia.

Nikiwa na miaka tisa, nikijiandaa na komunyo ya kwanza, katekista alitukaririsha yale matano: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kutorudia, kuungama, kutimiza malipizi. Tuliyaimba kama jedwali la mbili la kuzidisha. Akatuambia pia kwamba anayeficha dhambi kubwa kwa makusudi hatoki na dhambi zake tu, anatoka na nyingine juu yake. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni vitisho. Kumbe mzee alikuwa anaeleza tu hesabu inavyokwenda. Zaburi ya 32 inasema, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa," nami kwa wiki zile nilikuwa nalala masaa matatu tu kwa usiku na kula nusu sahani. Mke wangu alitaka nikapime malaria.

Jumamosi moja ya Machi nikaaga kwamba nakwenda kununua uzi. Nikapanda daladala mpaka parokia nyingine kabisa, upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayejua sura yangu wala mwandiko wangu. Kulikuwa na mstari wa watu kumi na wawili hivi, wengi kina mama. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa ameandika dhambi zake kwenye simu, anazipitia. Nikamwonea wivu, yeye alikuwa na orodha. Mimi nilikuwa na moja, na haikai kwenye orodha.

"Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa. Nimeungama wiki mbili zilizopita, nikaficha."

Alikuwa mzee, sauti yenye mafua. "Ulificha nini?"

Nikaanza kwa mbali, habari za biashara kuwa ngumu. Akaniacha niende kidogo, kisha akasema, "Shilingi ngapi?"

"Kama laki tano hivi, Padre."

"Hivi ni ngapi?"

"Laki tano na elfu ishirini."

"Haya. Endelea."

Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuulizwa tarakimu pale. Lakini ile namba ilipotoka mdomoni, kila kitu kingine kilifuata chenyewe: majora, daftari, rula, fundi aliye safari. Nilipofika kwenye nia yangu ya kuzirudisha akanikata.

"Sijauliza nia. Uliziazima au uliziiba?"

"Niliziiba."

"Na mwenye nyumba ana hali gani?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimebeba aibu yangu, machozi tayari, hata sentensi kadhaa nzuri nilizozitunga ndani ya daladala. Bibi sikuwa nimekuja naye. Nikamweleza padre juu ya ndoo, beseni na ile nailoni. Alisubiri nikamaliza.

Ndipo akanieleza jambo ambalo miaka yote ya katekisimu sikuwa nimelishika. Ondoleo linafuta dhambi, alisema, lakini halirudishi kitu cha mtu. Ukivunja dirisha la jirani ukasamehewa, dirisha bado limevunjika. Kurudisha pesa ni deni, hilo halina mjadala, na kama sina nia ya kweli ya kulipa yeye hana cha kuniondolea. Lakini kujitangaza mbele ya watu hawezi kunilazimisha. Mwenye dhambi naye ana haki ya jina lake, na pesa inaweza kurudi mahali pake bila tarumbeta. "Ila hilo daftari," akasema, "watu wanaliamini. Wewe ndiye unayejua cha kufanya nalo."

Nilitarajia malipizi makali. Labda kufunga siku arobaini, labda rozari kumi. Akaniambia nisali Zaburi ya 51 kila siku mpaka siku mabati yatakapopigiliwa. Basi. Nilisikitika kidogo, nakiri, maana nilitaka adhabu ya kunifanya nijione nimelipa. Yeye alinirudishia bili halisi.

Kwenye sala ya kutubu niliishia njiani. "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako, kwani ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza..." na hapo ikapotea, sala niliyoisali tangu utoto. Padre akanisomea taratibu, "wachukizwa na dhambi," nami nikaifuata mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono. Nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Wengine husimulia kwamba walihisi mwanga, au mzigo umeshuka mabegani. Mimi nilihisi njaa. Nilitoka pale nikanunua chapati tatu na maharage kwa mama lishe wa nje ya geti, nikala zote nimesimama.

Kwenye daladala ya kurudi hofu ikanirudia kidogo: je, akimpigia simu paroko wetu? Nikajicheka. Sheria ya Kanisa iko wazi kwamba siri ya kitubio haivunjwi kwa neno, kwa ishara wala kwa sababu yoyote, na padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo. Yule mzee hata angekutana na Bibi Kona sokoni asingeweza kumwambia "pole na paa". Siri ilikuwa salama. Kilichobaki ni mimi.

Usiku nikamwambia mke wangu. Yeye ni mtu wa Bukoba, alilelewa Mlutheri kabla hatujafunga ndoa, na nyumbani kwao Uamsho haukuwa jambo la kusoma. Ule moto ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kushuka mpaka Bukoba, uliwakuta babu na bibi zake. Watu wale walikuwa wanasimama mbele ya wenzao wanataja dhambi zao kwa majina, na walikuwa na desturi ya kurudisha vitu walivyoiba. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, hakupiga kelele. Kisha akasema:

"Baba Neema, bibi yangu alirudisha jembe. Alikuwa ameliiba kabla hajaolewa. Akalipeleka akiwa na watoto wanne, mpini umeshabadilishwa mara mbili."

"Mwenye jembe alisemaje?"

"Alisema hakuwahi kujua limeibwa, alidhani alilisahau shambani. Akamkasirikia siku ile ile." Akazima taa. "Tutauza nini?"

Tuliuza mashine ya ovaloki. Ilikuwa chombo changu cha thamani kuliko vyote, nimeinunua kwa jasho la miaka miwili, na ilikwenda kwa 450,000 kwa sababu mnunuzi aliona macho yangu. Zilizobaki tulizikusanya hapa na pale. Majora ya sare nayo niliyauza kwa bei ya kutupa. Mke wangu, ambaye kwa Biblia hunishinda mbali, akaniwekea Walawi sura ya 6 mezani: aliyedhulumu atarudisha kitu chote na kuongeza sehemu ya tano. Sehemu ya tano ya 520,000 ni 104,000. Nilijaribu kubisha kwamba hiyo ni torati. Akaniuliza kama Zakayo, aliyesema atarudisha mara nne, alikuwa wa torati au wa Injili. Nikaongeza 104,000.

Kuhusu kusema mbele ya jumuiya nilihangaika siku tano. Padre alishaniambia si lazima. Ningeweza kununua mabati kimya, nikaita fundi, fundi "amerudi safari", na ule mstari wa daftari ukawa kweli kwa kuchelewa. Nilikaribia sana kufanya hivyo. Kilichonikwamisha ni kazi yangu. Mshono ukienda kombo, fundi mvivu huupiga pasi. Ukitoka kwenye pasi unaonekana umenyooka, mteja analipa anaondoka, na ukifuliwa mara ya kwanza unarudi kombo vilevile. Dawa ni kufumua, uzi kwa uzi, na kitambaa kinabaki na vitundu vya sindano ambavyo mwenye jicho ataviona. Nimewafokea wanafunzi wangu wa ushonaji kwa jambo hilohilo miaka kumi.

Jumamosi ile tulikutana kwa mwenyekiti. Baada ya neno nikaomba nafasi, nikafungua daftari kwenye ule ukurasa, nikasema haya niliyoandika sikuyafanya. Nikaweka bahasha juu yake. Sikutaja shule wala ugumu wa biashara. Mke wangu alikuwa amenionya kwamba sentensi yoyote inayoanza na "unajua" niiache nyumbani.

Kilichofuata hakikufanana na zile picha za mwana mpotevu anayekumbatiwa. Mama mmoja alilia, lakini kwa hasira. Mzee mmoja, ambaye siku zote alikuwa ananitania, akasema anataka elfu ishirini yake mkononi, atampelekea Bibi mwenyewe, na akapewa. Kuna aliyeuliza kwa sauti kama na rambirambi za mwaka juzi zilifika. Zilifika, kila senti, lakini ningemthibitishiaje? Nadhani huo ndio uchungu wenyewe wa wizi wa mwenye kuaminiwa: unaiba na yale uliyofanya vizuri. Mwenyekiti aliunda watu watatu wakapitia daftari la miaka minne. Nikavuliwa uhazina, na nilikubaliana nao kabisa. Msamaha na ufunguo wa kabati ni vitu viwili, na nashangaa jinsi watu wetu, hata makanisani kwa wakubwa, wanavyovichanganya: mtu akitubu asubuhi anataka jioni arudishiwe kiti.

Kuna wateja nilipoteza. Habari za jumuiya hufika sokoni kabla hujafika nyumbani.

Baada ya mkutano nikaenda kwa Bibi Kona, peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, alikuwa anaanika blanketi. Nikamwamkia, nikamweleza, safari hii bila kuulizwa tarakimu. Alisikiliza huku anavuta pindo la blanketi lisiburuze chini. Nilipomaliza nikamwambia nimeshaungama, na kwamba naomba na yeye anisamehe.

"Mungu amekusamehe?"

"Padre ameniondolea, Bibi. Ndiyo, amenisamehe."

"Sawa," akasema. "Yeye hakunyeshewa."

Akachukua ndoo akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba. Nikasubiri. Hakurudi mbele, nikasikia anafagia. Nikaondoka.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilikuwa nimefanya yote matano, nimeuza mashine, nimejiaibisha mbele ya familia 26, na huyu mama mzee ananinyima neno moja. Usiku nilipofungua Zaburi ya 51 kama nilivyoagizwa, nikagota kwenye mstari ambao nilikuwa nimeupita kila siku bila kuuona: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Hayo ni maneno ya mfalme Daudi baada ya nabii Nathani kumwendea. Peke yako? Na Uria je? Mtu amemchukulia mkewe, akampeleka mstari wa mbele auawe, halafu anapopiga magoti anasema amemkosea Mungu peke yake? Nilimwona Daudi kama mimi nilivyokuwa ndani ya daladala, amebeba toba nzuri, mwenye nyumba amemwacha. Bibi Kona angemjibu na yeye.

Nimekaa na mstari huo muda mrefu. Wataalamu wana maelezo yao na sitayabishia. Mimi niliona kitu kimoja, wiki ya mateso, wakati katekista wetu anasoma Mathayo 25, pale mfalme anaposema lolote mlilomtendea mmojawapo wa hawa walio wadogo mlinitendea mimi. Nikashtuka kwenye benchi. Kama ni hivyo, basi Daudi hakumsahau Uria. Au hata kama alimsahau, maneno yake yalikuwa makubwa kuliko yeye. Na Bibi alikosea, kwa mara ya kwanza. Mungu alinyeshewa. Alikuwa amelala chini ya ile nailoni nyeusi, anasubiri lile tundu linalochelewa. Nilimkosea Yeye peke yake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine alipokuwa usiku ule.

Sijamwambia Bibi mpaka leo. Najua atakachojibu: basi angekuja na ndoo yake.

Mabati yalipigiliwa Alhamisi Kuu asubuhi. Fundi alikuwa wa kweli safari hii. Mimi nilikuwa wa kumpandishia. Kumi na nane, moja moja, begani kutoka barabarani kwa sababu kirikuu hakikuweza kufika mpaka mlangoni kwa tope. Ile 104,000 ilinunua gata na tangi dogo la kukingia maji, wazo la mwenyekiti. Bibi alikaa kwenye kigoda chini ya mwembe, akihesabu kwa sauti kila bati linapopita. Kwenye la kumi na nane akasema, "Kumi na nane," akaingia jikoni. Jioni nilisali Zaburi kwa mara ya mwisho ya amri, nikaenda Misa ya Karamu ya Bwana, nikapanga mstari nyuma ya mke wangu.

Pasaka ilikuwa tarehe 1 Aprili. Mvua zilizofuata mwezi ule zilikuwa kubwa mno, mji mzima ulikuwa tope, na mimi nililala kila usiku nikisikiliza bati la kwangu likipigwa.

Zamani, nilipokuwa mhazina, Bibi alizoea kunituma dukani. Baada ya yote hayo aliacha. Alikuwa akituma watoto, hata watoto wanaojulikana kwa kula sukari njiani, nami nikipita anaitikia salamu yangu vizuri, "Marahaba, habari za kazi," lakini noti anampa mtoto. Aprili, Mei, Juni. Sikuomba tena anisamehe. Padre alikuwa ameniambia kwamba cha Mungu nimeshapewa, nisikidai mara ya pili kwa watu. Cha watu huja kwa mwendo wao au hakiji.

Siku moja ya Novemba napita pale kona, akaniita. Akatoa kitambaa, akafungua fundo, akanipa noti ya elfu kumi. Sukari kilo moja, majani ya chai, chumvi, kiberiti. Nikaenda, nikarudi. Nikampa vitu, nikampa chenji. Akaweka vitu chini, akaanza kuhesabu palepale mlangoni mbele ya wapita njia. Noti ya elfu tano akaiinua kwenye jua. Ya elfu moja akainyoosha kwenye goti. Kisha akabaki amefungua kiganja.

"Mia tatu iko wapi?"

Damu ilinienda miguuni. Nilipapasa mfuko wa kulia, hakuna. Mfuko wa shati, hakuna. Alikuwa ananitazama bila kuniharakisha, kiganja kiko wazi. Nilizikuta mfuko wa kushoto, sarafu ya mia mbili na ya mia, zimejificha chini ya kijiti cha uzi.

Akazipokea, akazifunga kwenye fundo pamoja na nyingine.

"Kesho uniletee na mafuta ya taa," akasema. "Nusu lita."